Mashine na boti za Kigoma zikokotolewe kabla ya kujengwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowahusu mafundi wa mkoa wa Kigoma, vyuo vinavyowafundisha, na wananchi wanaotegemea kazi za mikono yao kila siku. Kuanzia Ujiji hadi Mwandiga zipo karakana zinazotengeneza mashine za kukamulia mawese, na kando ya Ziwa Tanganyika wapo maseremala wanaounda boti za mbao za kubebea abiria, dagaa na magunia kwenda vijiji vya mwambao. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kunakili. Fundi huiangalia mashine iliyopo, huipima kwa futi kamba, hujenga nyingine inayofanana nayo, na pale ambapo ile ya kwanza ilipasuka huongeza chuma. Ujuzi huo nauheshimu, kwa kuwa ndio uliouendesha mkoa huu miaka yote. Hata hivyo, siku hizi ipo njia ya kujua, kabla hakijakatwa hata kipande kimoja cha chuma, nguvu zitapita wapi na kifaa kitaanza kuchoka wapi, nami naamini kwamba njia hiyo haipaswi kuachiwa wajenzi wa reli ya kisasa na madaraja makubwa peke yao.

Ninazungumzia uigaji wa kompyuta katika mekanika ya uhandisi, yaani elimu ya nguvu na jinsi vitu vinavyozibeba. Umbo la kitu huchorwa kwenye kompyuta, kisha hugawanywa katika vipengele vidogo vingi, pengine maelfu, pengine mamilioni, vinavyoshikana kwenye ncha zao. Kwa kipengele kimoja hesabu ni nyepesi: kikisukumwa kwa nguvu fulani, kitajongea kwa kiasi fulani. Uzito wa kazi umo katika kuunganisha milinganyo ya vipengele vyote na kuitatua kwa pamoja, na hapo ndipo kompyuta inapomshinda binadamu. Mwanahisabati Richard Courant aliligusia wazo hili katika andiko lake la mwaka 1943. Mwaka 1956 wahandisi Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha hesabu za aina hiyo kwa ajili ya mabawa ya ndege. Na mwaka 1960 Clough akaipa njia hiyo jina inalojulikana nalo hadi leo, yaani njia ya vipengele vyenye kikomo (finite element method). Wakati ule ilihitaji mashine zilizomilikiwa na kampuni za ndege na taasisi za anga. Leo programu kama CalculiX, au Code_Aster iliyotengenezwa na shirika la umeme la Ufaransa, hupatikana bila malipo, na kompyuta ya mezani ya kawaida hukokotoa fremu ya mashine ya mawese kwa dakika chache.

Niichukue mashine hiyo, maana ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Parafujo inapokaza sahani ya kukamulia juu ya machikichi yaliyopikwa na kupondwa, nguvu ileile inayoyasukuma machikichi kwenda chini huusukuma mhimili wa juu wa fremu kwenda juu. Mhimili huo hupinda, nguzo mbili za pembeni huvutwa, na pembe ambako mhimili na nguzo vimechomelewa pamoja hubeba kuvutwa na kupinda kwa wakati mmoja. Nyufa nilizoziona katika fremu za namna hii huanzia katika pembe hizo, upande wa ndani, au kwenye ukingo wa tundu la bolti. Fundi akishaona ufa, mara nyingi huchomelea bamba nene katikati ya mhimili, kwa sababu katikati ndipo panapoonekana kupinda. Fremu inakuwa nzito zaidi na ghali zaidi, na baada ya msimu mmoja au miwili ufa unarudi palepale kwenye pembe.

Kisa hiki si fumbo kwa wanaojua mekanika. Tangu mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Kirsch alikwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba tundu la mviringo katika bamba pana linalovutwa huzidisha mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila sehemu ndogo ya eneo, mara 3 kwenye ukingo wa tundu, ingawa mbali na hapo bamba halisikii lolote. Pembe kali ya ndani ni mbaya kuliko tundu. Tena mashine ya mawese haibebi mzigo wake mara moja ikapumzika; hukazwa na kulegezwa mara nyingi kwa siku, na chuma kinachobebeshwa na kupumzishwa hivyo huweza kupasuka kwa mkazo ulio chini sana ya ule ambao kingeustahimili kama ungewekwa mara moja tu. Uigaji humwonyesha fundi haya yote kwa rangi na kwa tarakimu: katikati ya mhimili kuna nafasi kubwa ya usalama, kwenye pembe hakuna, na kibamba kidogo cha pembetatu chenye ukingo uliopinda kwa upole kingesaidia kuliko bamba zito la katikati. Kwa mkoa ambao chuma chake husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kila kilo isiyofanya kazi katika fremu ni fedha ya mkulima wa michikichi iliyotupwa.

Hapo ndipo uigaji unapopokelewa na mwenzake, yaani utafutaji wa usanifu bora. Ukokotozi wa kwanza hujibu swali moja tu: umbo hili likibebeshwa mzigo huu, kitatokea nini? Utafutaji wa usanifu bora huuliza lililo kubwa zaidi: kati ya maumbo yote yanayoweza kubeba mzigo huu bila kuvuka mpaka wa mkazo na wa kupinda tuliouweka, ni lipi linalotumia mali ndogo kuliko yote? Wapo watakaosema kuwa hayo ni mambo ya ndege na roketi. Nawaomba watazame gogo la mninga kwenye kiwanda chochote cha mbao hapa Kigoma au kule Tabora.

Tuseme gogo lina kipenyo cha sentimita 30 na mpasuaji anataka kutoa boriti moja. Akipasua mraba mkubwa kuliko yote unaoweza kutoka humo, kila upande utakuwa na sentimita 21.2. Nguvu ya boriti dhidi ya kuvunjika hufuata upana wake ukizidishwa kwa kimo chake, kisha kwa kimo hicho tena, na hesabu fupi huonyesha kuwa boriti yenye nguvu kuliko zote katika gogo hilo ina upana wa sentimita 17.3 na kimo cha sentimita 24.5. Boriti hiyo ina mbao pungufu kwa karibu asilimia 6 kuliko ule mraba, na bado inaushinda kwa nguvu kwa karibu asilimia 9. Ikiwa shida yetu si kuvunjika bali kupinda, kama ilivyo kwa boriti za dari, hapo kimo huingia katika kuzidisha mara tatu badala ya mara mbili, na boriti bora huwa na upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 26: mbao hupungua kwa asilimia 13 na ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupinda, huongezeka kwa asilimia 30 hivi. Hesabu hii haihitaji hata kompyuta, na ingepaswa kuwa ukutani mwa kila kiwanda cha mbao, hasa sasa ambapo miti ya mninga inazidi kupatikana kwa shida na kila gogo linalokatwa katika misitu yetu ya miombo lina thamani kubwa. Vivyo hivyo kwa chuma: pao lenye upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 2 likisimamishwa wima huwa na ukakamavu mara 25 na nguvu mara 5 kuliko likilazwa, mradi limezuiwa lisipinduke kando. Nimeyaona mapao yaliyolazwa katika mashine nyingi mno.

Gogo lina vigezo viwili tu, upana na kimo, vinavyofungwa na kipenyo kimoja. Fremu ya mashine ina vigezo kumi, ishirini au zaidi, na kujaribu kila uwezekano kwa mkono ni kazi isiyo na mwisho. Wataalamu walilihangaikia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1904 Michell, mhandisi wa Australia, alichapisha kanuni za fremu zinazotumia mali ndogo kabisa kwa mzigo uliotajwa, na fremu zake zilikuwa na vipande vyembamba vilivyopinda na kusambaa, ambavyo fundi wa zama zile asingeweza kuvitengeneza kwa urahisi. Mwaka 1988 watafiti Bendsøe na Kikuchi walionyesha namna ya kuiachia kompyuta yenyewe iamue ndani ya nafasi iliyopewa mahali pa kuweka mali na mahali pa kuacha wazi. Kompyuta hukokotoa, hupunguza mali pale isipofanya kazi, hukokotoa tena, na kuendelea hivyo hadi umbo litulie. Maumbo yanayotokea mara nyingi hufanana na mifupa au matawi. Sidai kwamba karakana zetu zitachomelea maumbo ya namna hiyo kesho. Ila umbo hilo humwambia mchoraji njia ambayo nguvu zinataka kupita, naye anaweza kuifuata kwa vipande vilivyonyooka vya chuma kinachouzwa dukani.

Jambo moja katika historia hii lingepaswa kutupa moyo sisi Waafrika. Ukokotozi mmoja mkubwa unaweza kuchukua saa nyingi, na utafutaji huhitaji mamia ya ukokotozi wa aina hiyo. Kwa hiyo wahandisi hukokotoa mifano michache iliyochaguliwa vizuri, kisha hutumia takwimu kukadiria matokeo ya ile ambayo haijakokotolewa, pamoja na ukubwa wa mashaka katika kila kadirio. Njia mojawapo inayotumika sana kwa kazi hiyo, hata katika usanifu wa ndege na magari, inaitwa kwa jina la Danie Krige, mhandisi wa migodi wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1951 aliandika tasnifu kuhusu kukadiria dhahabu ya Witwatersrand kutokana na sampuli chache. Alikuwa na tatizo la mahali pake, akalifikiria kwa makini, na leo dunia nzima inalitumia jibu lake katika kazi ambazo hazina uhusiano wowote na dhahabu.

Kuhusu boti nitasema kwa ufupi, ingawa ndiko kwenye roho za watu. Kabla ya swali la kama mkuku (mti mkuu wa chini ya boti) na mataruma (mbavu zake) vitahimili mawimbi, lipo swali la utulivu, yaani kama chombo kikilala upande kitainuka chenyewe. Utulivu wa mwanzo hutegemea urefu wa kitovu cha uzito na umbo la eneo ambalo chombo hulikata kwenye uso wa maji, na katika hesabu ya eneo hilo upana huingia katika kuzidisha mara tatu. Boti ya uzito uleule ikipanuliwa kwa asilimia 10 kwenye usawa wa maji, mchango wa upana katika utulivu huongezeka kwa asilimia 33. Kwa upande mwingine, kila gunia linalopandishwa juu ya paa na kila abiria anayesimama pale huinua kitovu cha uzito na kuula utulivu huo. Taifa hili halijasahau kuzama kwa MV Bukoba, Mei 1996, wala kwa MV Nyerere, Septemba 2018. Hesabu ya utulivu ni nyepesi kuliko ile ya mikazo, na kila boti mpya ya abiria ingeweza kufanyiwa mchoro wake na kukokotolewa kabla mkuku haujalazwa, ili mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, apewe karatasi inayoonyesha kikomo cha mzigo, na kikomo hicho kiwe kimetokana na umbo la boti hiyohiyo, wala si kukadiriwa kwa macho.

Mhariri, ningekuwa nimewadanganya wasomaji wako kama ningeishia kwenye sifa. Uigaji unaweza kumpotosha mtu kwa ujasiri mkubwa, na picha zake nzuri za rangi huwafanya hata wasomi wasahau kuuliza. Tarehe 23 Agosti 1991 huko Norway, jukwaa la mafuta liitwalo Sleipner A lilizama katika ghuba ya Gandsfjord wakati sehemu yake ya chini ya zege ikishushwa majini kwa majaribio. Kompyuta ilikuwa imetumika kuikokotoa. Uchunguzi ulionyesha kuwa vipengele vilivyotumika kwenye maungio ya kuta za matangi havikugawanywa vizuri, hivyo nguvu za kukata zikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Kuta zikawa nyembamba, nondo za mahali pale zikawa fupi mno, ukuta mmoja ukapasuka na maji yakaingia. Chombo kilipotea kwa dakika chache, na hasara ikafikia mamia ya mamilioni ya dola. Programu haikuwa na kasoro. Ilijibu sawasawa swali lililoulizwa vibaya.

Kwa hiyo mtu anayefundishwa njia hii lazima afundishwe kuitilia shaka. Akokotoe mara ya pili kwa vipengele vidogo zaidi na aone kama jibu linabadilika. Likibadilika sana, jibu la kwanza halikuwa jibu. Ajue pia kwamba kwenye pembe kali kabisa ya ndani mkazo utaendelea kupanda kila anapopunguza ukubwa wa vipengele, kwa sababu hesabu yenyewe haina kikomo pale, na kwamba anapaswa kuichora pembe kama ilivyo kwenye mchomeleo, ikiwa na mviringo wake mdogo. Tena alinganishe na hesabu ya mkono. Kijana asiyeweza kukadiria kwa kalamu kupinda kwa boriti ya kawaida asikabidhiwe programu inayokokotoa fremu nzima.

Lakini kwetu Kigoma shaka kubwa kuliko zote iko mahali pengine: katika tarakimu tunazoilisha kompyuta. Programu huja na jedwali la chuma cha viwandani, chenye ukakamavu wa gigapaskali 200 na mkazo wa kuanza kulegea, yaani kupinda bila kurudi, wa megapaskali 250 hivi (paskali ni kipimo cha nguvu kwa eneo). Chuma kilichookotwa kwenye gari bovu, au pao lisilo na cheti, kitakuwa na ukakamavu uleule, lakini mkazo wake wa kulegea na uwezo wake wa kuchomelewa bila kupasuka vinaweza kuwa tofauti kabisa. Mbao ndiyo ngumu zaidi kukisia. Nguvu yake kufuata nyuzi ni kubwa mara nyingi kuliko kukata nyuzi, hupungua penye fundo, na mbao mbichi ni dhaifu kuliko iliyokauka. Mti wa jedwali la Ulaya hausemi lolote kuhusu ubao uliopasuliwa Uvinza juzi na kupigwa misumari leo. Ukokotozi uliosimama juu ya tarakimu za kuazima ni kukisia kulikovaa suti.

Nafurahi kusema kuwa kupima si jambo la gharama kubwa, na hapa ndipo ninapopatilia mkazo kuliko pengine pote. Chukua ubao wa sentimita 5 kwa 5, ulaze juu ya vigingi viwili vilivyoachana mita 1, uning'inize kilo 50 katikati, kisha upime umeshuka kiasi gani pale katikati. Ukishuka milimita 2, ukakamavu wake ni takriban gigapaskali 10; ukishuka milimita 3, ni kama 6.5. Kinachohitajika ni mizani, rula nzuri, uangalifu, na daftari linaloandikwa aina ya mti, mahali ulikotoka, muda tangu ulipopasuliwa, na uzito wa ubao kabla na baada ya kukaushwa. Wanafunzi wa darasa moja wakipima mbao mia kwa muhula, na wa mwaka unaofuata wakaendelea, mkoa utakuwa na jedwali lake. Hata kutawanyika kwa vipimo hivyo ni maarifa, maana msanifu mwangalifu hachukui ubao wa wastani bali ule dhaifu anaoweza kukutana nao. Kwa chuma, vipande vinaweza kukatwa na kupelekwa kwenye maabara zenye mashine ya kuvutia, kama zile za vyuo vikuu vyetu vya uhandisi, na majibu yakarudi kutumiwa na karakana zote.

Ombi langu kwa vyuo vya ufundi vya mkoa huu ni kwamba vipimo hivi vianze mwaka huu, kabla ya kununuliwa kompyuta hata moja ya ziada, na somo la uigaji lifuate likiwa na tarakimu zetu mkononi. Kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na watafiti wa michikichi wa TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, naomba mashine moja ya mawese ya aina inayotumika sana ichaguliwe, ichorwe yote, ikokotolewe, itafutiwe umbo bora, ijengwe, kisha ifungwe vipimo vya kupinda na kufanyishwa kazi msimu mzima karibu na ile ya zamani. Vipimo vikitofautiana na hesabu, hesabu irekebishwe. Michoro yake itolewe bure kwa kila karakana, na tarakimu zilizotumika zichapishwe pamoja nayo, ili fundi wa Kasulu au Kibondo mwenye chuma tofauti aweze kukokotoa upya badala ya kunakili.

Meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 na kuletwa hapa vipande vipande kwa reli, ilisanifiwa kwa kalamu na watu waliokuwa na jedwali la kila chuma walichokitumia. Vijana wetu wana kompyuta katika mikoba yao, na tunaweza kuanza kuwapa jedwali hilo muhula ujao kwa gharama ya mizani, vigingi viwili na madaftari. Niko tayari kujitolea jioni zangu kusimamia vipimo vya kwanza katika chuo chochote cha Kigoma kitakachofungua mlango wa karakana yake.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa ufundi mitambo,
Ujiji, Kigoma.